Maziwa ya Oktoba

Maktaba ya mkoa, Moshi, saa nne asubuhi.
Kompyuta ya tatu ndiyo yenye kipanya kizima.
Bwana Ndekirwa ameniandikia nywila
nyuma ya risiti ya mbolea, akaniasa:
"Ukiifunga, hairudi mpaka kesho."

Kozi ya usalama wa chakula, swali la pili:
ajali moja ya zamani, vyanzo vitano.
Nikaandika *moshi* na *sumu*,
ikaniletea hoteli na wapanda mlima.
Nikafuta mji wangu. Nikaandika *maziwa*.
Ikajibu: Windscale, Uingereza,
Oktoba, mwaka hamsini na saba.

Makala ya kwanza ina kufuli, dola thelathini na tano.
Ya pili ina kufuli.
Ya tatu wamenipa muhtasari,
kama kunusishwa pilau mlangoni pa harusi.
Ndekirwa akavuta kiti, akapekua, akaguna,
akafukua nakala ya wazi:
kurasa za taipureta zilizopigwa picha zikiwa zimepinda,
na pembeni kivuli cha kidole gumba
cha mtu aliyezishika zisijikunje.

Nikasoma polepole, kamusi mapajani.
Tanuri la nyuklia lilishika moto.
Kilichotoka dohani hakikuwa na harufu.
Kilitua majanini, ng'ombe wakala majani,
na maziwa yakatoka meupe, yana povu,
yana uvuguvugu wa kiwele, kama ya siku zote.
Ndani yake madini joto,
ndugu wa haya tunayotiliwa kwenye chumvi
ili shingo zetu zisiote rovu kama la bibi,
ila hayo yalikuwa na hasira,
na yalijua njia ya kwenda shingoni kwa mtoto.

Basi wakayamwaga.
Shamba kwa shamba, siku kwa siku,
mtoni, baharini, mitaroni.
Ripoti yenyewe ikafungiwa kabatini miaka thelathini.

Hapo umeme ukakatika.

Nilibaki nikitazama uso wangu kwenye kioo cheusi,
uso wa karani wa kituo cha maziwa, Kibosho,
ambaye Jumanne alichovya kipimo
kwenye ndoo ya mama yake mzazi
na kusema mbele ya foleni: "Hii hapana."
Ng'ombe alikuwa amechomwa sindano ya kiwele,
dawa ingali mwilini.
Mama hakubisha. Aliibeba ndoo yake,
akaimwaga kwenye shina la mgomba,
na tangu hapo akinipa chai ananipa ya rangi.

Jioni nilimkuta akikata mabingobingo.
Nikamsimulia, sijui kwa nini, yote:
moto, dohani, mito iliyogeuka meupe.
Panga halikusimama.
"Nani aliwaambia wamwage?"
"Watu wenye vipimo."
"Wao waliiona hiyo sumu?"
"Haionekani, mama."
"Na walilipwa?"
"Walilipwa."
Akacheka kwa pua. "Mimi mgomba haujanilipa."
Akafunga mzigo, akauinua nusu, akautua tena.
"Hayo madini yao, hukaa siku ngapi?"
"Kila siku nane, nusu yake huondoka."
"Halafu?"
"Nusu ya ile nusu."
"Kwa hiyo hayaishi."
Sikuwa na jibu. Kwenye zile kurasa lilikuwapo,
limeandikwa kwa hesabu,
na hesabu ilikuwa imebaki gizani, kompyuta ya tatu.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro,
alikuwa wa sita kwenye foleni,
kanga ya kijani, ndoo imefunikwa kwa jani.
Hakunisalimia kama mwanawe.
Alisimama kama wenzake, akatazama mkono wangu
mpaka kipimo kilipotulia.

Nikaandika kwenye daftari:
*Aikande Mushi. Lita nne na nusu. Safi.*
Akaomba alione daftari.
Akalisoma neno la mwisho kwa kidole,
akaenda zake.